Ngao za Hadadezeri, Mabati ya Runyenjes

Ukitoka Embu mjini kwenda Meru, barabara hupita Runyenjes, ikashuka hadi mto Thuci, na ng'ambo ya daraja ni Chuka, halafu Chogoria. Njia nzima haikosi kanisa. Waanglikana walianzia Kigari mwaka 1910. Wamethodisti walifika Kaaga, Meru, mwaka 1912. Waskoti wakafungua hospitali Chogoria mwaka 1922, Wakatoliki wa Consolata wakaushika Mlima Kenya pande zote, na kanisa la Independent, AIPCA, likajipenyeza katikati yao wote. Na karibu kila dhehebu, hata liwe la nani, lina mahali kuta zilizokwama kwenye linta zikingoja paa.

Paa ndilo huleta ugomvi. Kuta watu hujijengea kwa pesa ya chai na kahawa, na kwa yule jogoo wa mavuno anayenunuliwa mnadani, akarudishwa, akanunuliwa tena mpaka amechoka kuliko sisi. Lakini paa la kanisa kubwa hutafutiwa mtu mkubwa.

Mabishano yafuatayo nimeyasikia vipandevipande: kwenye mikutano ya kamati, ndani ya matatu, na mara moja matangani. Nimewakusanya wabishi wote chini ya mringa mmoja karibu na Runyenjes, Jumamosi alasiri, kwenye mabenchi yaliyotolewa kanisani, na majina yao nimeyaacha nje. Swali lao ni dogo. Mheshimiwa fulani ametuma ujumbe kwamba kesho atakuja ibadani na mabati 200 na bahasha. Apokewe, asipokewe?

MWINJILISTI: Wapendwa, mimi sioni shida iko wapi. Daudi alipompiga Hadadezeri, mfalme wa Soba, alizitwaa ngao za dhahabu za watumishi wake akazileta Yerusalemu. Katika miji ya mfalme huyo akazoa shaba isiyopimika. Sulemani alipojenga hekalu, shaba hiyohiyo ndiyo aliyoifanyia ile bahari ya shaba. Na bahari ile ilikuwa ya nini? Ya makuhani kuoga. Kuhani wa Bwana alijitakasa ndani ya nyara za vita, wala hakuna nabii aliyemwambia atoke. Leo sisi tutakataa mabati?

KIJANA: Na huyo Daudi mwenyewe, Mwinjilisti, si alikatazwa kujenga? Aliambiwa amemwaga damu nyingi mno. Mkono ukakataliwa, kilichoshikwa na mkono kikapokelewa. Hapo mimi hushindwa.

MWINJILISTI: Hushindwi, mwanangu, ni vile hujakubali. Mtu ana dhambi. Dhahabu haina.

MZEE: Haina dhambi, sawa. Lakini ina kwao.

Mzee alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini na bado huongea akingoja darasa liandike.

MZEE: Someni vizuri pale kwa Samweli. Mwandishi hasemi tu kwamba Daudi aliweka wakfu fedha na dhahabu. Anataja zilikotoka: Aramu, Moabu, wana wa Amoni, Wafilisti, Amaleki. Na ile zawadi ya Toi, mfalme wa Hamathi, aliyoileta Yoramu mwanawe, imetajwa mbali, kwa sababu zawadi si nyara. Katika Mambo ya Nyakati kuna mtu anaitwa Shelomithi, yeye na ndugu zake, kazi yao ni kutunza vitu hivyo. Vya Samweli viko, vya Sauli viko, vya Abneri, vya Yoabu. Yoabu huyo aliyemuua Abneri langoni! Mali zao zimelala chumba kimoja, kila moja na jina la mwenyewe.

KIJANA: Hilo ni kujisifu, Mzee. Si uaminifu wa kitabu cha hesabu. Kila mfalme wa zamani alifanya hivyo. Mesha wa Moabu aliandika kwenye jiwe, lile lililookotwa Dhiban mwaka 1868, kwamba aliuteka mji wa Nebo akavibeba vyombo vya Yahwe akaviburuta mbele ya Kemoshi, mungu wake. Anaandika kwa raha zake. Wafilisti walipomkuta Sauli amekufa Gilboa, silaha zake zilipelekwa nyumba ya Ashtorethi. Upanga wa Goliathi ulikuwa Nobu kwa kuhani, umefungwa kwenye nguo nyuma ya naivera. Hekalu lilikuwa ndilo kabati la vikombe vya timu. Mungu wetu kamfunga mungu wenu, njooni muone. Na kesho Mheshimiwa akileta mabati, atataka yaonekane. Kutakuwa na kibao: "Paa hili limetolewa na..."

MWINJILISTI: Kibao tunaweza kukataa.

MAMA MWEKA HAZINA: Mwaka gani tulikataa kibao?

Nawakatiza kidogo, kwa sababu kuna neno linalonitatiza. Biblia ya Kiswahili hutumia "wakfu" kwa mambo mawili ambayo Kiebrania kiliyatenga. Kuna kitu kilichotengwa ili kitumike kwa Mungu, kama ngao za Daudi. Na kuna *herem*, kitu kilichotolewa kwa Mungu hata binadamu hana ruhusa ya kukigusa: mji mzima, watu wake, mifugo yake. Yeriko yote ilikuwa *herem*, ila fedha, dhahabu na vyombo vya shaba na chuma vikaingia hazina ya Bwana. Akani aliiba vazi la Babeli, shekeli 200 za fedha na kipande cha dhahabu cha shekeli 50, akavifukia hemani, na Israeli nzima ikapigwa Ai kwa ajili yake. Sisi wasomaji wa Kiswahili tunaziona maana zote mbili zimevaa shati moja.

Neno lenyewe tumelipokea kwa Waislamu wa Pwani, na kule lina sharti ambalo mkutano wa chini ya mringa ungefaidika nalo: anayeweka wakfu lazima awe mmiliki halali wa anachokitoa. Nyumba ya jirani yako huwezi kuiweka wakfu, hata ukiwa na nia safi kiasi gani.

Turudi.

MAMA MWEKA HAZINA: Mimi sikusoma theolojia. Nasoma Hesabu, na jina la kitabu lilinivutia kwa sababu ya kazi yangu. Sura ya 31. Wamepiga Wamidiani, wamerudi na kondoo 675,000. Hamna mtu anayegawa njiani. Nusu ni ya waliokwenda vitani, nusu ya waliobaki nyumbani. Kwa nusu ya askari, mmoja kwa kila 500 ni wa Bwana: kondoo 675. Kwa nusu ya watu, mmoja kwa kila 50 ni wa Walawi. Imeandikwa yote, mpaka punda. Huyo mwandishi ningempa kazi leo. Lakini kabla ya hesabu kuna jambo. Aliyeua au kugusa maiti anakaa nje ya kambi siku saba. Na dhahabu, fedha, shaba, chuma, bati na risasi vinapitishwa motoni, halafu maji ya utakaso. Kisichoweza moto kinapitishwa majini. Ndipo vinaingia. Sasa nauliza, Mwinjilisti: hii bahasha ya kesho imepitishwa moto gani?

MWINJILISTI: Damu ya Yesu inatakasa.

MAMA MWEKA HAZINA: Amina. Na risiti?

MZEE: Hata huku kwetu haikuwa hivihivi. Nthaka wa Meru wakirudi na ng'ombe wa Wamasai, wazee walikuwa na neno juu ya ng'ombe wale, na aliyeua hakukimbilia kulala kwa mama yake. Alitakaswa kwanza. Damu ilikuwa na adabu zake.

KIJANA: Na kila mtu alijua ng'ombe kawatoa wapi! Kawatoa kwa Wamasai. Huyu wetu wa kesho ametoa wapi? Mshahara wake tunaujua. Gredi yake iko kwenye gazeti rasmi la serikali. Zidisha na miezi, ondoa kodi, ondoa mafuta ya magari matano. Haitoi mabati 200 hapa, kisima kule Ishiara na milioni kwa kwaya tatu kwa mwezi mmoja. Hizi ni nyara, na waliotekwa ni sisi.

Hapo kulikuwa na kimya kifupi. Mwinjilisti alichezea funguo. Simlaumu. Kanisa analolichunga huvuja, na waumini wanaomshangilia Kijana mitandaoni ndio walewale wanaoweka sarafu ya kumi kapuni huku wamekunja ngumi isionekane.

MWINJILISTI: Tuseme kweli basi. Tarehe 5 Julai 2024, baada ya nyinyi vijana kujaa barabarani, Rais alitangaza kwamba maofisa wa serikali wasihudhurie harambee tena. Tukasema haya, tumepona. Novemba 17 mwaka huohuo akawa Soweto, Kayole, katika kanisa Katoliki: milioni mbili za nyumba ya padri, 600,000 za kwaya na baraza, ahadi ya milioni tatu juu. Kesho yake Askofu Mkuu Anyolo akasema zirudishwe, na alizotoa Gavana wa Nairobi pia. Nchi nzima ikapiga makofi. Lakini mniambie, Nairobi ina matajiri wa kufidia. Sisi tukirudisha, atatufidia nani? Na Waanglikana nao, tangu Septemba 2021 pale Butere, Askofu Mkuu wao Ole Sapit aliwakataza wanasiasa kuongea madhabahuni. Wamefunga mimbari. Kapu hawajafunga.

MAMA MWEKA HAZINA: Hilo la kapu umesema kweli.

KIJANA: Ukiniruhusu, Mwinjilisti, nikuonyeshe kapu lenyewe lilivyofanya kazi Yerusalemu. Baba wa Asa, mfalme wa Yuda, aliweka vitu wakfu, na Asa akaongeza vyake. Baasha wa Israeli alipomfungia njia kule Rama, Asa aliingia nyumba ya Bwana, akakomba fedha na dhahabu yote iliyobaki, akampelekea Ben-hadadi wa Dameski avunje mkataba na Israeli. Yoashi alifanya hivyohivyo. Vitu walivyoviweka wakfu Yehoshafati, Yehoramu na Ahazia, baba zake, pamoja na vyake mwenyewe, alivifunga akampa Hazaeli wa Aramu asiipige Yerusalemu. Hezekia akavunja hata dhahabu ya milango aliyoibandika kwa mkono wake, ampe Senakeribu talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu. Mnaona? Mfalme huweka hekaluni wakati wa neema na hutoa wakati wa shida. Hiyo si sadaka. Hiyo ni akaunti ya akiba, na Mungu ni mlinzi wa usiku.

MZEE: Na dhahabu ya Daudi ilitoka Aramu.

KIJANA: Ndiyo, Mzee. Ya Yoashi ikarudi Aramu. Si dhahabu ileile, ileile Shishaki wa Misri alishaifagia mwaka wa tano wa Rehoboamu. Lakini njia ni moja.

MZEE: Umemtaja Rehoboamu, usimpite haraka. Shishaki alichukua ngao zote za dhahabu za Sulemani. Rehoboamu akatengeneza za shaba mahali pake, akawapa walinzi wa mlango. Mfalme akienda hekaluni, walinzi wanazibeba. Akirudi, zinarudishwa stoo. Mmewahi kuona viti vyetu vya mgeni rasmi, vile vyenye mito myekundu?

Wote walicheka, hata Mwinjilisti. Viti vile vipo kila kanisa kutoka Manyatta hadi Maua, vimefungiwa chumbani pamoja na ngoma iliyopasuka na maua ya plastiki.

Hapa nikiri upande wangu. Kwa muda mrefu nilikuwa na Kijana. Hoja yake ya akaunti ya akiba ni kali, tena inafaa leo: mchango wa mwanasiasa hutolewa mwaka wa kwanza na wa pili, na riba yake hudaiwa mwaka wa tano, kwenye debe. Lakini Kijana huongea kana kwamba hekalu ndilo lililoonewa. Hekalu mara nyingi lilifungua mlango lenyewe. Yehoyada kuhani alitoa mikuki na ngao za Daudi zilizokuwa nyumbani mwa Bwana akawapa makapteni wamlinde Yoashi mtoto wa miaka saba na kumwondoa malkia Athalia. Silaha za wakfu zikafanya mapinduzi. Ni Mzee aliyenihamisha, tena hakutaka. Alikuwa anasimulia tu.

MZEE: Mjukuu wangu, nyara zina upande wa pili ambao wewe hujaukalia. Umezungumza kama mtu anayeletewa. Mimi nilinyang'anywa. Mwaka 1952 nilikuwa na miaka minane. Baba yangu alikuwa mtu wa KISA, wale waliotoka misheni kwa ajili ya mambo ya tohara, wakataka shule yao na kanisa lao. Walijenga kwa mikono. Akina mama walibeba mawe kutoka mtoni. Baba alikuwa seremala, alichonga mabenchi ya meru-oak, hakulipwa hata senti. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba, shule za Independent zikafungwa. Nyingine zilibomolewa, nyingine zikafunguliwa tena zikiwa za misheni au za serikali. Yetu, homeguard walikuja na lori. Mabati yalienda kambini. Mabenchi yalienda kanisani, kanisa la wale waliobaki waaminifu. Mchungaji aliyapokea, akaomba. Nafikiri aliomba kwa moyo safi. Aliambiwa ni mali ya maadui wa Mungu, naye alikuwa anajua Yeriko.

KIJANA: Kanisa gani hilo?

MZEE: Liache.

Wasomaji wa magazeti walifuatilia jambo la aina hiyo juzijuzi, ila la mbali zaidi. Aprili 1868 jeshi la Uingereza likiongozwa na Robert Napier liliiteka Maqdala, ngome ya Mfalme Tewodros wa Ethiopia. Nyara zilibebwa na ndovu 15 na karibu nyumbu 200. Ndani yake kulikuwa na tabot, vibao vitakatifu vinavyowakilisha sanduku la agano, ambavyo kwa Waethiopia ni kuhani tu anayeruhusiwa kuviona. Kumi na moja viko British Museum, vimefungiwa, hata wakurugenzi wake hawavitazami. Kimoja kikaingizwa ndani ya madhabahu katika Westminster Abbey, London. Mesha aliviburuta vyombo mbele ya mungu mwingine. Waingereza walipeleka kibao cha Kristo mbele ya Kristo, na kwa zaidi ya miaka 150 sala zikasomwa juu yake. Februari 2024 Abbey ikatangaza kwamba imeamua kimsingi kukirudisha. Westminster waliweza kuamua hivyo kwa sababu walijua kibao kimetoka kwa nani. Koreshi naye aliporudisha vyombo alivyochukua Nebukadreza, vilihesabiwa mbele ya Sheshbaza, 5,400, maana kuna mtu Babeli aliyekuwa amevitunza kwa orodha. Belshaza alivinywea divai lakini hakuvipoteza.

Mama ndiye aliyelifikisha jambo mahali pa kufanya kazi.

MAMA MWEKA HAZINA: Mimi naona hivi. Wale makuhani waliokataa vipande 30 vya Yuda, watu huwacheka kwa sababu walivitoa wenyewe. Ni kweli, ni wanafiki. Lakini walijua kitu kimoja ambacho sisi tumesahau: kwamba kuna pesa inaweza kuwa mezani na isiingie hazina. Wakanunua shamba la mfinyanzi, la kuzikia wageni. Wala hawakuficha, likaitwa shamba la damu mpaka leo. Kwa hiyo Mheshimiwa akitaka kutoa, atoe. Ajenge choo cha soko, kila mtu aone. Paa la madhabahu tujikune tunapofika.

MWINJILISTI: Na mzee wa Mbeere akileta pesa ya muguka, majani yetu ya kutafuna? Tutamwambia ajenge choo? Mei 2024 Mombasa wakapiga muguka marufuku, na korti ya Embu ikasimamisha amri hiyo. Sisi huku tulinyamaza, kwa sababu sote tunajua paa za shuleni zilitoka wapi.

MAMA MWEKA HAZINA: Muguka atasema ni muguka. Sina shida na mtu anayesema. Abrahamu alimtolea Melkizedeki sehemu ya kumi ya nyara, naye Melkizedeki akaipokea. Kisha Abrahamu huyohuyo akamkatalia mfalme wa Sodoma hata uzi wa kiatu, asije mtu akasema yeye ndiye aliyemtajirisha. Siku moja, mtu mmoja, nyara zilezile. Alijua za kutoa ni zipi na za kukataa ni za nani.

KIJANA: Kwa hiyo tuandike.

MAMA MWEKA HAZINA: Tuandike. Hapa nina kaunta buku. Kuna tarehe, jina, kiasi. Nitapiga mstari mwingine: kutoka wapi. Lakini hatuanzi na Mheshimiwa. Mwinjilisti, Jumapili iliyopita ulitoa 2,000. Kutoka wapi?

MWINJILISTI: Mama, hiyo ni...

MAMA MWEKA HAZINA: Kutoka wapi?

MWINJILISTI: Kulikuwa na mkutano wa wachungaji na viongozi, kule Embu. Walitupa nauli.

MAMA MWEKA HAZINA: Nani aliwapa?

MWINJILISTI: Mheshimiwa.

Aliandika. Kijana alianza kucheka, Mama akamgeukia.

MAMA MWEKA HAZINA: Na wewe, karo yako ya chuo kule Chuka?

KIJANA: Basari. Ya eneo bunge.

MAMA MWEKA HAZINA: Fomu ilitiwa sahihi ofisini kwa nani? Usijibu, naandika. Na mimi mwenyewe naandika: marupurupu ya kusimamia uchaguzi, 2022. Mzee?

MZEE: Mimi sina pesa ya kuandika. Andika mabenchi.

MAMA MWEKA HAZINA: Mangapi?

MZEE: Manne. Moja umelikalia.